Ndege wa Shuka la Hawa

Mama Hawa,

Shuka limekwisha. Naanza na hilo kwa sababu salamu ndefu hukuwahi kuwa na subira nazo. Mtu akianza kukuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, ulikuwa unamkatisha na kumwuliza amefuata nini. Basi limekwisha, na Hawa ameolewa nalo. Mimi Zena wako niko hapa Buyenzi kwenye atelye yako ya ushonaji, nimekaa kwenye kiti chako, na usinune, maana hakuna mwingine wa kukikalia. Nakuandikia kwa sababu lile shuka lina kitu ambacho wewe hukukichora, na sitaki ukae huko uliko bila kuelezwa.

Nilitamani nikuambie kwa mdomo, lakini unajua mambo yetu. Siku ile wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki uani. Nikasikia ile la ilaha illa Allah ikienda, ikienda, hadi ikamezwa na kelele za karakana za magari. Jeannette wa atelye yetu alinishika mkono akaniuliza kwa nini hatuwafuati, maana kwao Wakristo wanawake huenda hadi kaburini na kutupa udongo kwa mikono yao. Nikamwambia kwetu si hivyo. Kwa hiyo sikukuona ukiingia ardhini, na labda ndiyo maana bado naongea na wewe kila nikitunga uzi.

Bado nina hasira, Mama Hawa. Presha ilikupanda usiku, kuvrefe ikiwa imeshaanza na askari wamekataza mtu kutoka nje, na hakuna mwenye gari aliyekubali kuitoa. Tulikupepea, tukakukanda miguu, tukakuambia ungoje kukuche tukupeleke. Hukungoja. Nimeikasirikia ile barabara tupu, nimewakasirikia waliotufungia ndani kama kuku, na wewe pia nimekukasirikia kidogo. Ulikuwa na kazi mkononi.

Kazi yenyewe ni shuka la harusi la mwanao. Uliliacha limekunjwa ndani ya kanga, jeupe, na pembe zote umeshazijaza: maua mekundu ya mviringo yanayotoka ardhini kabla ya majani yake, yale ya zambarau yanayotambaa mchangani, vipepeo, na ndege yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya ziwa kabla ya kujitupa. Katikati, pale mito miwili ya kulalia inapokutana, ulichora kwa penseli ndege mmoja juu ya tawi jembamba, ukamwacha hivyo bila hata uzi mmoja. Hawa alikuuliza kwa nini. Ukamjibu, na mimi nilikuwepo: “Sijamuona tangu askari walipofunga njia ya ziwani. Mi sishonake ndege ya kukumbuka.”

Watu walikucheka kwa hilo. Atelye zote za mji huu zinashona maua ya magazeti, mawaridi ambayo mshonaji hajawahi hata kuyanusa, na wateja wanayapenda. Wewe hukutaka. Kwako, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikishapiga mabati, kesho yake mlango haufunguliwi. Tunashuka wote hadi ziwani, tunaipita bandari, tunaelekea upande wa mto Rusizi, na hakuna kubeba penseli wala karatasi. Ni kuangalia tu. Unakumbuka Jeannette alivyokuja mara ya kwanza kutoka Carama na daftari lake la shule? Ulilichukua ukalikalia. Kisha tukirudi nyumbani, njaa inauma, chakula kinanukia, hatuli. Tunakaa tumepeana migongo, kila mtu anachagua kwenye kikapu nyuzi za alichokiona na kuziweka mapajani mwake. Halafu wewe unazunguka unatutazama mapaja.

Jeannette siku ile alichagua nyeusi kwa mabawa ya kipepeo. Ukamwambia huyo kipepeo si mweusi, ana rangi ya kahawa iliyoungua kikaangoni, na kama haamini arudi akamwangalie. Akarudi kweli, peke yake, na mvua ikamnyeshea. Alipoingia jioni alikuwa amekuchukia kabisa, lakini rangi ya kahawa iliyoungua alikuwa ameiona. Mpaka leo hakuna anayemzidi kwa vipepeo.

Sasa nikueleze yaliyofuata. Tulipomaliza arobaini yako, mdogo wako Salma akaona harusi ya Hawa isikae zaidi. Alisema nyakati hizi ukipata kijana mzima mwenye kazi bandarini hulali. Hakukosea. Ila alitaka na shuka limalizwe upesi, akatuletea kutoka sokoni kalenda ya Wazungu yenye ndege wa kifua chekundu amekaa kwenye theluji. Ni ndege, alisema, na ni mzuri, na nani atalala akihesabu manyoya? Nikamwambia Mama mdogo, huyo ndege mimi simjui, na hata yeye mwenyewe hajawahi kukutana naye. Akaniambia nina kichwa kigumu kama cha dada yake. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa hakukusudia nifurahi.

Pamoja na ukaidi wangu wote niliingiwa na woga. Siku ya harusi ilikuwa inakaribia, na njia ya ziwani bado ina wanajeshi. Jeannette akasema tujaribu wa kukumbuka, tutakuomba radhi. Tukajaribu. Yule wa penseli ni mmoja wa wale ndege uliowaita wageni, wanaokuja na mvua kutoka huko kaskazini, na mi nilidhani ninawajua kama vidole vyangu: kichwa na mgongo rangi ya udongo, koo la manjano, kifua cha samawati, mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Tukamshona yote hayo. Kisha tukafika kwenye mdomo. Wewe ulikuwa umeuchora umeachana kidogo, na kati ya sehemu mbili za mdomo kuna nafasi. Tukaiangalia ile nafasi, tukaambiana anaimba. Basi mimi, fundi wako mkubwa, nikamtia ulimi. Mwekundu.

Salma alipomwona alicheka hadi akakaa chini, akasema ndege wetu anamzomea bwana harusi. Hawa hakucheka. Alimtazama, akatutazama sisi, akaenda zake kuosha vyombo. Alikuwa hajalia mbele yetu tangu arobaini, na siku ile nilimsikia akilia kule kwenye bomba. Nilimfumua ndege mzima kabla ya adhuhuri. Vitundu vya sindano nilivisugua kwa ukucha uliolowa mpaka kitambaa kikajifunga. Nikaapa kwamba au nimwone yule ndege kwa macho yangu, au Hawa alale kwenye shuka lenye penseli tupu katikati.

Mvua ikaja. Ulishakuwa huko, sijui kama huko mnaisikia. Ilipiga usiku, na asubuhi mtaa mzima ulikuwa unanuka vumbi lililolowa. Nikafunga mlango wa atelye. Jeannette alikuwa amelala kwangu, maana Carama walikuwa wamefyatuliana risasi na hakuweza kurudi kwao. Nikamwambia tunakwenda. Hakuniuliza wapi. Nikachukua shuka, nikalikunja ndani ya kanga yako, nikalitia kichwani.

Pale barabara inapoachana na bandari kuna pozisyo ya wanajeshi sasa, ina magunia ya mchanga, na seng'enge imezungushwa hadi karibu na maji. Walitusimamisha. Wakatuuliza tunatafuta nini huko ambako hata wavuvi hawaendi, nikawajibu ndege. Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mmoja akasema wanawake kama sisi ndio wanaotumwa kuhesabu askari. Jeannette alinivuta mkono turudi. Mimi nilikuwa naogopa pia, Mama Hawa, usifikiri nilikuwa simba. Ila nilishachoka kuwaogopa. Nikamwomba aniitie komanda wao, na alipokuja nikamfungulia shuka. Jeannette alishika pembe huku, mimi kule, tukalitandaza hewani lisiguse matope, na kumweleza kwamba aliyelishona amekufa, na mtoto wake anaolewa, na pale katikati panakosa ndege anayekaa huku kwao.

Yule mtu aliweka mikono nyuma, nafikiri kwa kuogopa asilichafue. Akaliangalia sana. Akasogea kwenye pembe ya ua jekundu la mviringo, akasema lile linaota kilimani kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake, na kwamba hajafika huko tangu vita ianze. Halafu akasema: “Jua likianza kushuka mukuwe mumetoka. Na mukanyage tu pale watu wamekwisha kanyaga.”

Ufuko wako haupo kama ulivyouacha. Nakuambia bila kukuficha. Vichaka vyote wamevifyeka ili mtu asipate pa kujificha. Matete yamekatwa. Ile mikakaya ya miiba tuliyokuwa tunakaa chini yake, wageni wakiwa wamejaa juu, imebaki visiki, na hata visiki vimechomwa. Palikuwa peupe kiasi kwamba unaona hadi mto bila kizuizi, na milima ya Kongo ng'ambo imesafishwa na mvua. Nilikaa kwenye kisiki kimoja nikalia kwa hasira. Nilisema kwa sauti kwamba hata miti wameiua. Jeannette aliniacha nilie, kisha akanigusa bega, akanionyesha chini.

Yale maua mekundu yalikuwa yametoka. Si moja moja kama zamani yalipokuwa kivulini. Yalikuwa yametapakaa kati ya visiki, mengine yanatoka kwenye jivu lenyewe, na mvua ilikuwa na usiku mmoja tu, kwa hiyo yalikuwa yamejiandaa humo ardhini muda wote tulipokuwa tunayalilia. Yale ya zambarau yalishatambaa hadi kwenye magunia ya mchanga. Nyamanza wawili walikuwa wanakimbia kwenye ukingo wa maji wakitingisha mikia, na hakuna askari aliyewagusa, maana huyo ndege katika nchi hii hata mwenye bunduki hamtupii jiwe. Na pale askari wanapomwaga maji ya kuoshea masufuria, vipepeo walikuwa wamejazana kwenye tope, wameshikana mabega, wanakunywa. Wa njano, weupe, na wale wa kahawa iliyoungua. Jeannette alichutama karibu nao hadi sketi yake ikalowa yote. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka.

Wageni tuliwangoja sana. Jua lilikuwa limeshapita kichwani, na mi nilianza kufikiri kwamba nao wamesikia habari za nchi yetu wakapitia kwingine. Halafu nikasikia ile sauti yao, unaijua, ile kama mtu anayezungusha maji kooni, inatoka juu kabisa kabla hujaona kitu. Wakashuka kundi zima kutoka upande wa mto. Walizunguka pale miti ilipokuwa. Walizunguka tena. Nikawaambia moyoni, msiende, tafadhali. Wakatua kwenye seng'enge.

Walikaa pale, mmoja baada ya mwingine, kati ya miiba ya chuma, wanatazama huku na huku kama wako kwao. Nilimchagua mmoja nikamkodolea macho. Koo si la manjano kama tulivyolishona, ni la kiini cha yai la kienyeji. Kifua kinabadilika akigeuka. Akaruka, akafanya duara dogo, akarudi palepale na kitu mdomoni. Akakigonga kwenye waya, huku, kule, huku, kule, anakisugua. Nyuki. Alikuwa anamtoa mwiba kabla ya kumla. Jeannette alinifinya mkono hadi ukauma. “Dada Zena,” alisema, “haikuwa ulimi.”

Tulicheka, Mama Hawa, tulicheka hadi askari mmoja akaja kuangalia kuna nini. Ile nafasi ulimwachia nyuki wake. Na mimi nilikuwa na hamu ya kukugeukia nikuambie, nikageuka kweli, na hapakuwa na mtu. Hapo kicheko kiliniishia.

Tulitoka jua likiwa bado liko juu, kama tulivyoambiwa. Nyumbani hatukula. Tulikaa tumepeana migongo na kikapu katikati, tukachagua nyuzi, na tulipomaliza tukabaki tumekaa, kwa sababu hakuna wa kuzunguka. Mwishowe nikageuka mwenyewe, na yeye akageuka. Rangi zetu zilifanana zote isipokuwa ya mgongo, na hapo Jeannette ndiye aliyepata. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kahawia ya tawi hakuna aliyeichagua. Mapajani mwake kulikuwa na uzi wa kijivu, na mapajani mwangu kulikuwa na uzi wa kijivu.

Salma alipoelewa tunataka kufanya nini alishika kichwa. Seng'enge kwenye kitanda cha bibi harusi, astaghafirullah, mmerogwa? Alisema harusi ni heri, haitiwi vita ndani yake. Alisema wewe ulichora tawi na penseli yako iko pale, na sisi ni akina nani wa kulifuta. Hayo ya mwisho yaliniingia, maana yana ukweli. Nililala nayo, nikaamka nayo. Nilijiambia tawi uliliona wewe, kwa hiyo si uongo. Kisha nikajiambia sindano sasa iko mkononi mwangu, na mi tawi sikuliona. Mara nakuona unakubali, mara nakuona unanipokonya shuka. Mwishowe nilikwenda kwa mwenye kitanda.

Nilimkuta Hawa anapepeta mchele. Nikamweleza yote, miti iliyokatwa, maua ya kwenye jivu, waya, nyuki. Nikamwambia kwamba nikishona tawi litapendeza na hakuna atakayejua, na nikishona waya shangazi zake watanong'ona. Hakuniuliza kuhusu shangazi. Aliuliza kama ndege alikaa vizuri, au alikuwa anahangaika. Nikamjibu alikaa, akala, akaita wenziwe. Alipepeta kidogo tena. “Basi mumushone pale alikaa,” akasema. “Na mi ndiko naolewa humu humu.”

Nilishona. Nilifuta tawi lako kwa mkate mkavu, polepole, na huo mkono ulikuwa mzito kuliko siku zote nilizowahi kushika kitambaa. Waya niliupitisha mwembamba, kijivu, na miiba yake nikaionyesha, sikuilainisha. Juu yake mgeni wako, na nyuki mdomoni. Jeannette alishona nyuki mwenyewe kwa uzi mmoja uliogawanywa. Kama umeudhika, basi udhika. Nimekubishia mara nyingi ukiwa hai, na hukuwahi kunifukuza.

Harusi tuliifanya mchana, watu wawahi kurudi kabla ya kuvrefe. Wali ulipikwa, kaswida zikaimbwa, na bwana harusi akatokwa jasho hadi kanzu ikamganda mgongoni. Salma ndiye aliyetandika kitanda, hakutaka mwingine aguse. Nilisimama mlangoni nikimtazama, nimejiandaa kwa maneno yake. Alilainisha shuka kwa viganja kutoka pembeni hadi katikati, akafika kwa ndege, akapitisha kidole kwenye waya, kwenye kila mwiba. Akasema dada yangu huyu. Akaweka mito mahali pake, lakini aliiachanisha ili ndege aonekane.

Sasa nikuage, maana Jeannette amefika na ananiangalia ninavyojifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Mama Hawa, mlango wa atelye hautafunguliwa kesho ya mvua ya kwanza, kila mwaka, nikiwa hai. Njia ikifungwa nitaomba, wakinikatalia nitarudi kuomba tena. Na ipo siku wataikunja ile seng'enge waipeleke wanakojua wao. Siku hiyo nitashuka ziwani nione wageni wanatua kwenye nini. Halafu nitabisha hodi kwa Hawa, hata kama atakuwa na wajukuu, nimwombe shuka lake, niufumue ule waya uzi kwa uzi, nishone watakapokuwa wamekaa.

Lala salama, mama yangu.

Zena